Sahani 212, ziko sawa

Ami yangu alirudi kutoka kliniki na karatasi ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, akaisoma mwenyewe pale barazani, miwani imemteremka puani, anapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu: 212. Pembeni kuna ile mipaka ya kawaida wanayochapa, 150 mpaka 450. "Sahani ziko sawa," akasema, akaikunja karatasi akaitia mfuko wa kanzu na kahawa ikaendelea. Siku 12 baadaye kubadhi la kushoto likakataa kuingia. La kulia linaingia kama kawaida, la kushoto halitaki, mguu umejaa kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti na ukimbonyeza kwa nyuma, kwenye shavu la mguu, anaruka.

Mtaani kwetu mguu mmoja ukivimba majibu yako tayari. Wa kwanza akasema matende, manake Pwani hii matende tunayajua tangu utotoni. Wa pili akasema amekanyaga kitu, na "kitu" hapo si mwiba. Wa tatu ni shangazi yangu, huyo alikuja na mafuta ya nazi yameshapashwa moto anataka kuukanda. Bahati, wallahi bahati tu, alikuwepo binamu yangu anayefanya kazi duka la dawa, akauliza: "Kwani ami si ndo yule anameza thalidomaidi, ile dawa ya saratani yake? Basi shangazi tafadhali usiuguse huo mguu." Wakaita tuktuk. Jioni ile ile dopla, ile picha ya kuangalia damu inavyotembea mishipani, ikaonyesha bonge la damu limeziba mshipa wa nyuma ya goti.

Mimi si daktari, ni mtu wa kusoma na kuuliza maswali mpaka nachosha watu, na tangu siku hiyo kuna jambo limenikaa kooni. Ile 212 haikuwa uongo. Ilikuwa jibu sahihi la swali lingine. Ni kama makanga anahesabu vichwa kwenye matatu, anajua wako 14, hajui nani amelala na nani ana hasira za kupigana. Karatasi ilihesabu sahani, haikusema sahani zenyewe ziko kwenye hali gani, wala haikusema zinaogelea kwenye damu ya aina gani, na kwa mgonjwa kama ami, mwenye mieloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, hayo mawili ndo yenye uzito.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia haraka. Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli za plazma, kazi yake kutengeneza kingamwili za kupigana na vijidudu, kila ukoo wa seli na kingamwili yake. Saa zingine seli moja inaharibika inaanza kujizalisha, nakala zote zinatoa protini ile ile moja, na ukipima protini za damu kwa elektroforesi unaona kilele kimoja chembamba kimesimama kama mnara wa msikiti katikati ya mapaa. Hiyo ndo protini ya M. Ikiwa chini ya gramu 3 kwa desilita, seli za plazma kwa uboho hazijafika asilimia 10, na mtu mifupa yake mizima, figo nzima, damu haijapungua, kalisiamu haijapanda, basi hali hiyo inaitwa MGUS. Jina hilo alilitoa Robert Kyle wa Mayo Clinic mwaka 1978 na ukilishusha kwa Kiswahili cha barazani linasema hivi: kuna kitu kwenye damu yako lakini maana yake bado haijulikani. Nalipenda, ni jina lisilojidai. Kila mwaka kama mtu 1 kati ya 100 wenye MGUS anavuka kwenda mieloma au magonjwa ya jamii hiyo, wengi wanazeeka nayo na kufa kwa mambo mengine. Mieloma ndo ile inayokula mifupa na kuharibu figo, na ndo aliyokutwa nayo ami baada ya karibu mwaka mzima wa kukandwa mgongo na kumezeshwa diklofenaki, kila mtu akiamini ni uzee na ile kazi aliyofanya bandarini.

Na mtu asiniambie ni ugonjwa wa wazungu. Utafiti wa Ghana uliochapishwa 2007, wanaume zaidi ya 900 wa miaka 50 mpaka 74, ulikuta karibu 6 kati ya 100 wana MGUS, kama mara mbili ya wanaume weupe wa kaunti moja ya Minnesota waliolinganishwa nao. Colin Powell, jenerali wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka Jamaica, alikuwa na mieloma alipofariki 2021 kwa Covid. Sisi ndo wenye ugonjwa huu kuliko wanaoutungia miongozo.

Haya, sahani. Walioziita chembe sahani kwa Kiswahili walipatia kweli, manake zikiwa zimetulia ni vitu bapa, laini, vinateleza kwenye damu kama visahani vya kahawa. Hata seli kamili si seli, ni vipande vilivyomeguka kutoka kwa seli kubwa mno za uboho, havina kiini, vinaishi siku 7 mpaka 10 basi vinaondoka. Zikikutana na ukuta wa mshipa uliochanika zinageuka, zinaota mikono, zinashikana, zinamwaga vifuko vilivyokuwa tumboni mwake, na kuna protini inaitwa P-selektini iliyokuwa imejificha ndani ya vifuko hivyo inapanda juu inakaa nje kwenye ngozi ya sahani. Hiyo P-selektini inanasa seli nyeupe kama ulimbo unavyonasa ndege, na seli nyeupe zikishanaswa nazo zinachangia kugandisha. Kwa hivo mtafiti anayetaka kujua kama sahani zimelala au zimeamka haangalii ziko ngapi, anaangalia ni ngapi zimetoa P-selektini nje.

Kwa wenye mieloma hapo ndo mambo yanakuwa matamu. Kuna tafiti zimekuta sahani zao zimeamka kuliko za watu wasio na ugonjwa. Kuna zingine zimekuta kinyume, sahani zazembea, ukizichokoza kwa maabara zinajibu kivivu. Mtu akisoma juu juu anasema basi hawa wanasayansi hawaelewani, kila mtu na lake. Mimi sioni hivo. Sahani iliyokwisha kumwaga vifuko vyake huko huko mwilini, ukija kuichokoza kwenye kioo itajibu kwa unyonge kwa sababu haina tena cha kumwaga, kwa hivo uvivu wa maabara unaweza kuwa ni uchovu wa vita iliyokwisha kupiganwa. Pia kuna ile protini ya M yenyewe, ikiwa nyingi inazipaka sahani kama vile sufuria iliyolowa mafuta, hazishiki vizuri. Pia wagonjwa hawalingani, mmoja hajaanza dawa, mwingine yuko mwezi wa 3 wa deksa, yaani deksamethasoni, ile dawa ya steroidi, mwingine figo zimechoka na figo zikichoka sahani nazo zinaharibika tabia. Ukiwachanganya wote kwenye jedwali moja unatarajia jibu gani?

Ndo maana zamani madaktari wa damu wakisikia protini ya M walikuwa wanaogopa zaidi mgonjwa kutoka damu. Na hawakukosea. Protini inaweza kuzuia nyuzi za fibrini, zile zinazolishikilia bonge la damu, zisijisuke vizuri. Inaweza kuzoa kile kigandishi cha von Willebrand kikapungua. Ikiwa ni aina ya IgM, ile molekuli kubwa ya ugonjwa wa Waldenström, damu inakuwa nzito mpaka mtu anatoka damu puani na macho yanaona ukungu. Na wale wanaopata amiloidi, yaani protini iliyokunjika vibaya ikarundikana mwilini, amiloidi inanasa kigandishi namba 10 damu ikawa haishiki. Yote kweli. Lakini ugonjwa huo huo upande wa pili unapandisha kigandishi namba 8, unapandisha von Willebrand kwa wagonjwa wengine badala ya kuishusha, uvimbe wa ndani kwa ndani unaifanya ini imwage fibrinojeni nyingi, malighafi ya fibrini, na nyuzi zikishajisuka zinaweza kuwa za namna ambayo mwili unashindwa kuzifumua. Mtu mmoja anaweza kuwa mtu wa kutokwa damu na pia mtu wa kuganda damu. Hilo ndo gumu kulielezea barazani, watu wanataka damu iwe "nzito" au "nyepesi", kuna wanaokula kitunguu saumu wapate kuilainisha, hawana nafasi ya damu iliyo vyote viwili.

Kuna vitu vitatu vinavyogandisha damu mshipani, vinaitwa kwa jina la Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19: damu yenyewe ikibadilika, ukuta wa mshipa ukiumia, na damu ikisimama isitembee. Vitu vitatu. Hemogramu inagusa kipande kidogo cha cha kwanza.

Sasa hatari ni kubwa kiasi gani, manake kusema "iko juu" ni rahisi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008 uliangalia rekodi za wanajeshi wastaafu wa Marekani zaidi ya milioni 4. Damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ilitokea kama mara 9 zaidi kwa wenye mieloma, na kama mara 3 zaidi kwa wenye MGUS tu, watu ambao hali yao haitibiwi kwa dawa hizi nitakazozitaja mbele. Hiyo ya pili ndo inanivutia kuliko ya kwanza. Ina maana shida haianzi na dawa, iko kwenye damu tangu mapema. Lakini msikimbie na "mara 3" mkaitisha familia. Ukirudisha kwenye hesabu ya watu, kwa wastaafu wote ilikuwa kama mtu 1 kwa 1000 kwa mwaka, kwa wenye MGUS kama watu 3 kwa 1000, kwa mieloma karibu 9 kwa 1000. Wale 997 wa MGUS walikaa mwaka mzima bila bonge lolote. Kwa hivo mtu akiniuliza, nimekutwa na MGUS nianze aspirini? jibu langu ni hapana, si kwa sababu hiyo peke yake, labda uwe na sababu nyingine ambayo daktari wako anaijua. Uswidi nako waliangalia wakakuta hata kuziba kwa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, yaani ile habari ya kiharusi na moyo, kulikuwa karibu mara 2 kwa mwaka wa kwanza wa mieloma. Na ateri ndo uwanja wa sahani hasa, huko zinaongoza zenyewe, tofauti na vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambako fibrini ndo inafanya kazi kubwa na sahani zinasaidia.

Halafu ndo tunaleta dawa, tunamwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Thalidomaidi wengine mnaijua kwa sifa mbaya, iliingia sokoni Ujerumani 1957 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu cha mimba, ikaondolewa 1961 baada ya watoto kwa maelfu kuzaliwa na viungo vifupi. Ikarudi kwa mlango wa nyuma, kwanza kwa ukoma, halafu 1999 ikaonekana inasaidia mieloma, na kwa nchi kama zetu imebaki muhimu kwa sababu ni vidonge na ni rahisi kuliko wajukuu zake. Ukiitumia peke yake haisumbui sana upande wa kuganda damu. Iunganishe na deksa kwa mgonjwa mpya, bila kinga yoyote, na hapo wanaogandisha damu wanafika 10 mpaka 20 kati ya 100, yaani kwenye matatu yetu ile ya vichwa 14 mtu mmoja au wawili au hata watatu wanashuka na mguu umevimba. Lenalidomaidi, mjukuu wake, tabia ni ile ile. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 naona kila mgonjwa angesomewa: wote walipewa lenalidomaidi, nusu wakapewa deksa nyingi, miligramu 480 kwa duru ya mwezi, nusu wakapewa miligramu 40 mara moja kwa wiki. Damu kuganda: 26 kati ya 100 kwa deksa nyingi, 12 kwa deksa kidogo. Dawa ile ile, ugonjwa ule ule, na baada ya mwaka waliopewa kidogo ndo walikuwa hai wengi zaidi. Bortezomibu, dawa nyingine ya mieloma, kwa upande wake haijaonyesha kupandisha hatari hii, ila ni ya sindano na bei yake si ya kila mfuko.

Ami alikuwa kwenye thalidomaidi na deksa. Mzee mzito wa mwili, sukari imeshaanza, miezi ya kwanza ya matibabu, na miezi sita ya mwanzo ndo ya hatari kuliko zote. Aspirini hakupewa, sindano ya kuzuia damu kuganda hakupewa. Pale alipokuwa anatibiwa hakuna aliyemfanyia ubaya, nataka kuamini hivo, foleni ilikuwa ndefu, karatasi ikasema 212, ziko sawa, haya mwingine aingie.

Tuje kwenye aspirini basi. Kidonge kidogo cha miligramu 75 au 100, unakipata kwa pesa ya viazi karai, kinazima kimeng'enya kimoja ndani ya sahani na hakiwaki tena, kwa sababu sahani haina kiini haiwezi kutengeneza kingine, imezimwa mpaka kufa kwake. Ndo maana kidonge kidogo hivo kinatosha kwa siku nzima. Mwaka 2011 Waitaliano walichapisha utafiti wa wagonjwa wapya wa mieloma waliokuwa kwenye dawa zenye thalidomaidi: kundi moja aspirini miligramu 100, kundi moja warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, dozi ndogo, kundi moja enoksaparini, ile sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda. Waliopata bonge kubwa au shida ya moyo au kifo cha ghafla walikuwa 6.4 kati ya 100 kwa aspirini, 8.2 kwa warfarini, 5.0 kwa sindano. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu haziwezi kusemwa ni za kweli.

Mimi nikisoma hapo nasimama. Aspirini haigusi fibrini. Haigusi kigandishi namba 8. Inagusa sahani peke yake, na bado ilitembea sambamba na sindano kwenye shida ambayo tumeambiwa ni ya fibrini. Kwangu hiyo ni ishara kwamba sahani kwenye ugonjwa huu zina mkono mrefu hata ndani ya vena. Ishara tu, manake hapakuwa na kundi lililoachwa bila kitu, na wenye hatari kubwa sana waliondolewa mapema hawakuingizwa kwenye utafiti, kwa hivo huwezi kuchukua ile 6.4 ukampelekea mzee kama ami. Na hapa ndo nina ugomvi na jinsi tunavyofanya. Miongozo ya 2008 ilisema hivi kwa ufupi: mgonjwa anayeanza thalidomaidi au lenalidomaidi, akiwa na sababu moja ya hatari au hana kabisa, aspirini inatosha. Akiwa na mbili kwenda juu, au deksa nyingi, apewe sindano au warfarini kamili. Sababu zenyewe si siri: unene, bonge la zamani, sukari, moyo, figo, kulala kitandani muda mrefu, upasuaji, mpira wa mshipani, sindano za kuongeza damu. Lakini kwa ukweli wa mtaani anayeamua ni pochi. Sindano ni ya kila siku, miezi, aspirini ni ya shilingi, kwa hivo wote wanaishia aspirini na anayesahauliwa anaishia hewa. Sipingi aspirini, napinga aspirini kutolewa kwa sababu ndo iliyopo halafu inaandikwa kwenye faili kama vile ilichaguliwa. Andika basi: huyu alihitaji sindano, hakuweza kulipa. Angalau kesho anayesoma faili ajue, na hao wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, wakiulizwa kuna kitu cha kuwaonyesha.

Kuna mtu ataniuliza, si wapime tu hiyo tabia ya sahani tujue nani ameamka nani amelala? Nami niliuliza hivo hivo. Tatizo ni kwamba sahani ni kiumbe mwenye wasiwasi. Damu ya hemogramu inaingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, hiyo inavumilia. Damu ya kupima tabia ya sahani inataka chupa ya kifuniko cha buluu, sindano iingie vizuri mara moja, isitikiswe, isitiwe friji, na ipimwe ndani ya kama saa 4. Sasa chukua hiyo chupa uitie kwenye boksi, ipande gari Mwembe Tayari, ipige matuta yote ya Mariakani, ifike Nairobi asubuhi: unachopima ni safari ya basi, si mgonjwa. Hata kwenye nchi zenye mashine hizo kila hospitali, kipimo hiki hakijaingia kwenye uamuzi wa kila siku wa mieloma, wanategemea kuuliza maswali na kuhesabu pointi. Kwa hivo hatujanyimwa kitu cha ajabu. Tunachokosa ni hayo maswali, na maswali hayataki umeme.

Pointi zenyewe nazo zina vituko. 2019 zilitoka hesabu mbili kule Marekani za kutabiri nani atagandisha, moja inaitwa SAVED na nyingine IMPEDE, zote zimejengwa na rekodi za Wamarekani, na zote zinampunguzia mtu pointi 3 akiwa na asili ya Asia. Haya njoo nazo Mombasa. Mtu bibi yake Mbalochi wa Makadara, babu yake Mdigo, mama wa mama Mshihiri, unampunguzia pointi ngapi, moja na nusu? Na kitu ambacho huku kwetu kingekuwa cha kwanza kuulizwa hakimo kabisa: selimundu ya upande mmoja, yaani iliyorithiwa kwa mzazi mmoja tu. Pwani hii tumejaa nayo kwa sababu ya malaria, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapo Kilifi wameionyesha miaka nenda miaka rudi jinsi inavyomkinga mtoto na malaria kali, na ni hiyo hiyo inayojulikana kupandisha hatari ya bonge la mapafuni kwa mtu mzima. Sisemi kila mwenye mieloma hapa apewe sindano kwa ajili hiyo. Nasema ukiazima kanzu ya mtu mwingine angalia mabega kwanza.

Diklofenaki niliiacha nyuma, niirudie maana inanikera. Mgongo ukiuma Mombasa dawa ni hiyo, duka lolote, bila karatasi. Kwa mwenye mieloma ni sumu ya figo, figo ambazo tayari zinakabwa na minyororo myepesi, vipande vya kingamwili vinavyomwagwa na seli zile zilizoharibika. Figo zikianguka, enoksaparini ambayo inatoka mwilini kupitia figo inajikusanya, dozi iliyokuwa salama inakuwa ya kumtoa mtu damu. Ndugu yake ibuprofeni nayo, mtu akiimeza kabla ya aspirini inakaa mlangoni aspirini ikashindwa kuingia kazini. Kwa hivo unaweza kuwa na mgonjwa aliyeandikiwa kila kitu sawasawa, anameza kila kitu kwa uaminifu, na kidonge cha mgongo cha dukani kinamharibia vyote, na hakitaji kwa daktari kwa sababu kwake hiyo si dawa, ni ya mgongo tu.

Na basi lenyewe. Ami alikuwa ametoka Nairobi siku mbili kabla ya kubadhi kukataa. Kama kilomita 480, usiku kucha, kiti cha dirishani kwa sababu anapenda kuegemea, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Na wazee wetu wana ule mtindo wao, safari ya usiku hawanywi maji tangu alasiri wasije wakamsumbua dereva kusimama. Kwa hivo umepata damu iliyobadilika kwa ugonjwa na dawa, umeikausha kwa kiu, halafu umeisimamisha mguuni masaa 9. Virchow angechora. Nilimuuliza ami kama kuna yeyote alimwambia habari ya safari, akasema waliambiwa wasikose tarehe tu.

Sasa hivi yuko sawa, miezi ya sindano ilipita, tumbo lote lilikuwa na madoa ya kijani na zambarau, alikuwa anatuonyesha kwa fahari kama medali. Daktari mpya, binti mdogo tu, alimkalisha akamuuliza maswali robo saa nzima kabla hata ya kugusa karatasi: mzee umewahi kuvimba mguu, mzee unapandaje Nairobi, mzee unameza nini kingine, nitajie hata cha mgongo. Ami akauliza mwisho, "Na sahani?" Akaambiwa 198. Akangoja aambiwe ziko sawa, binti hakusema, alikuwa anaandika.

Wiki iliyopita nilisafiri naye. Kiti cha njiani, chupa ya maji ya lita moja mapajani, na tulipofika Mtito Andei watu wote wanakimbilia chai yeye ameanza kulizunguka basi, kikoi kimepandishwa, mguu wa kushoto mbele, raundi ya kwanza, ya pili. Makanga akamwangalia akachoka. "Mzee, umepoteza kitu?"

"Hapana mwanangu, nautembeza mguu. Wewe hesabu watu wako."